Sote, Nyote, Wote: Uhakiki wa Filamu ya Watu Wote na Wapinzani Wake katika Tuzo ya Oscar ya Filamu Fupi, 2018

Tarehe 4 Machi 2018, katika hafla ya 90 ya Tuzo za Oscar, filamu fupi Watu Wote: All of Us ilishindwa na filamu ya Uingereza iitwayo The Silent Child. Kwa wapenzi wa filamu wanaozungumza Kiswahili, uteuzi wenyewe ulikuwa tukio la kipekee. Filamu yenye jina la Kiswahili, ambayo wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali, ilikuwa imefika katika orodha ya mwisho ya filamu tano. Katika hali kama hiyo ni rahisi mjadala kuishia katika lalamiko kwamba Kenya ilinyimwa haki yake. Sehemu hii inafuata njia nyingine. Inazisoma filamu zote tano kama kazi za sanaa zilizowekwa kwenye mizani moja, kisha inauliza iwapo Watu Wote ilistahili kushinda. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba haikustahili. Na kwamba iliyoipiku, nayo, haikuwa bora kuliko zote.

Kabla ya kuipima, ni vyema kwanza kubainisha filamu hii ni ya nani. Iliongozwa na Katja Benrath na kutayarishwa na Tobias Rosen, ikiwa kazi ya kuhitimu masomo katika chuo cha Hamburg Media School nchini Ujerumani. Mwaka 2017 ilipata tuzo ya wanafunzi inayotolewa na Akademia hiyohiyo ya Marekani. Katika kundi la filamu fupi, hakuna nchi inayowasilisha mgombea. Filamu isiyozidi dakika 40 hujipatia sifa ya kushindana kwa kuonyeshwa katika jumba la sinema, au kwa kushinda katika tamasha linalotambuliwa, au kwa kupata tuzo ya wanafunzi. Kwa hiyo usemi kwamba Kenya iliteuliwa hauna msingi katika kanuni. Majina yaliyoandikwa katika uteuzi ni ya Benrath na Rosen, na sanamu ingekwenda kwao. Hoja hii haimaanishi kwamba mgeni hana ruhusa ya kusimulia kisa cha Wakenya. Ila inamlazimu mhakiki kuchunguza jicho linalotazama ndani ya filamu ni la nani.

Kisa chenyewe kinajulikana. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likisafiri kwenda Mandera lilishambuliwa na wapiganaji wa al-Shabaab. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, basi jingine lilitekwa katika eneo hilohilo na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa. Aprili 2015 watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, wanawake wa Kiislamu waliwavisha Wakristo hijabu zao, na abiria wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari 2016 kutokana na majeraha. Ni kisa ambacho hakihitaji kupambwa. Kila mtunzi anayekigusa anakabiliwa na swali moja gumu la kifani: tendo la watu wengi kwa pamoja linasimuliwaje katika dakika 22?

Hapa ndipo jina la filamu linapoanza kufichua tatizo. Kiswahili humlazimu msemaji achague: sote, nyote au wote. Kila umbo linaonyesha mahali anaposimama anayezungumza. Anayesema "sote" yumo ndani ya basi. Anayesema "wote" amesimama nje akiwahesabu waliomo. Jina la Kiingereza, All of Us, ni "sisi sote". Jina la Kiswahili, Watu Wote, ni kauli ya nafsi ya tatu. Majina haya mawili yamewekwa sambamba kana kwamba moja ni tafsiri ya lingine, ilhali hayasemi jambo moja. Huenda waandaaji hawakukusudia tofauti hiyo. Hata hivyo, filamu nzima inaishi ndani ya ufa huo: inataka kusema "sote", lakini kamera yake inasema "wote".

Mhusika mkuu ni Jua, mwanamke Mkristo anayesafiri kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Ana kinyongo dhidi ya Waislamu kilichotokana na msiba wake wa awali, na sehemu ya kwanza ya filamu imejengwa juu ya wasiwasi wake akiwa amezungukwa na abiria wa imani nyingine. (Jina lake pia linatia shaka. Kama nomino ni nyota ya mchana, kama kitenzi ni amri ya kutambua. Mtazamaji wa Kiswahili analisikia zaidi kama dokezo la mwandishi wa mswada kuliko kama jina alilopewa mtu na wazazi wake.) Adelyne Wairimu anaigiza nafasi hiyo kwa ustadi. Uso wake unabeba hofu na dharau kwa wakati mmoja, bila kuomba huruma ya mtazamaji. Kasoro iko katika nafasi aliyopangiwa. Waislamu waliomo ndani ya basi wanaonekana kupitia kwake, na ushujaa wao unapata maana kwa kadiri unavyobadilisha moyo wake. Tendo lililokuwa la jamii linageuzwa kuwa somo la mtu mmoja. Abiria wa Kisomali, ambao katika tukio halisi ndio waliofanya uamuzi wa kufa au kupona, hawapewi nafasi ya kushauriana wala kusitasita mbele ya mtazamaji. Wema wao unatolewa kama jambo lililokamilika kabla basi halijaondoka.

Salah, anayeigizwa na Abdiwali Farrah, ndiye peke yake anayetengwa kutoka katika kundi hilo na kupewa sauti. Mazungumzo yake na Jua yanatangulia shambulio na yana kazi ya kuandaa mgogoro. Lakini yanaandaa kwa uwazi uliopita kiasi: kila kauli inaelekea kule ambako mtazamaji anajua itafika. Filamu inapata nguvu pale maneno yanapokoma, abiria wametolewa nje juani, na hijabu inapita kutoka mkono hadi mkono. Hapo tendo la kawaida kabisa la mavazi linabeba uzito wa uhai na kifo, na hakuna anayelifafanua. Laiti filamu nzima ingeuamini ukimya huo.

Ulinganisho na mshindi unavutia kwa sababu The Silent Child ina kasoro inayofanana na hii. Iliongozwa na Chris Overton na kuandikwa na Rachel Shenton, ambaye pia anaigiza kama Joanne, mtaalamu anayeajiriwa kumsaidia Libby, mtoto kiziwi wa miaka minne. Joanne anamfundisha lugha ya alama, mtoto anachangamka, kisha mama anasitisha mafunzo hayo kwa kuwa anataka mwanawe azungumze kama wengine. Hapa pia tunamtazama mnyonge kupitia kwa mtu aliyekuja kutoka nje, na upande wa mama umepewa hoja dhaifu kuliko inavyostahili. Tofauti ni kwamba Libby mwenyewe, anayeigizwa na Maisie Sly, ambaye ni kiziwi kweli, hawezi kufunikwa na mswada. Anapotazama, skrini ni yake. Onyesho la mwisho, ambapo Joanne na mtoto wanaonana kupitia uzio wa shule na kuambiana kwa ishara kwamba wanapendana, limesimama kwa miguu yake lenyewe. Bahati mbaya waandaaji hawakuridhika. Maandishi yanajitokeza kumweleza mtazamaji hali ya watoto viziwi shuleni, na kazi ya sanaa inamalizikia katika taarifa ya kampeni. Sababu ya kampeni hiyo ni njema. Shenton, ambaye baba yake alipoteza uwezo wa kusikia, alitoa shukrani zake jukwaani kwa kutumia pia lugha ya alama, na ni vigumu kumpinga mtu anayetimiza ahadi namna hiyo. Lakini tuzo ilikuwa ya filamu, na filamu ilikuwa imeshakamilika kabla ya maandishi yale.

Kazi mbili nyingine zinaweza kupitiwa kwa ufupi. The Eleven O'Clock, ya Derin Seale na Josh Lawson kutoka Australia, ni vichekesho kuhusu daktari wa akili na mgonjwa anayejidhani kuwa daktari. Inachekesha, na mtazamaji akishaelewa mbinu yake hakuna kinachobaki cha kurudia. My Nephew Emmett, ya Kevin Wilson Jr., inarejea Mississippi ya mwaka 1955 na kuusimulia usiku wa kutekwa kwa Emmett Till kutoka upande wa Mose Wright, mzee aliyekuwa mwenyeji wake. Uchaguzi wa kumweka mzee huyo katikati ni wa busara, kwani anajua kinachokuja na hana uwezo wa kukizuia. Hata hivyo picha zake nzuri mno wakati mwingine zinapunguza makali ya kisa.

Filamu iliyostahili tuzo ni DeKalb Elementary ya Reed Van Dyk. Inatokana na simu halisi ya dharura iliyopigwa mwaka 2013 kutoka shule moja ya msingi katika jimbo la Georgia. Kijana Mzungu mwenye bunduki anaingia katika ofisi ya mapokezi. Cassandra, karani Mweusi anayeigizwa na Tarra Riggs, anabaki kwenye simu akipeleka maneno ya kijana kwa polisi na ya polisi kwa kijana. Karibu filamu nzima imo ndani ya chumba kimoja. Hakuna muziki wa kumwongoza mtazamaji ahisi nini, wala hotuba kuhusu bunduki, ingawa majuma machache tu kabla ya hafla wanafunzi na wafanyakazi 17 walikuwa wameuawa katika shule moja huko Parkland, Florida. Cassandra hajui mwanzoni kwamba atafaulu. Anajaribu neno moja, linashindwa, anajaribu jingine. Anamgawia kijana machungu ya maisha yake mwenyewe kwa sababu hana kingine cha kumpa. Ushujaa unatengenezwa mbele ya macho yetu, dakika kwa dakika, kwa sauti ya mtu anayeogopa. Hicho ndicho hasa kinachokosekana katika Watu Wote: mchakato wa kuamua. Basi la Mandera lilikuwa na watu wengi walioamua, na kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Hatari ya kuililia Watu Wote kama tuzo ya Kenya iliyopotea ni kwamba inaelekeza macho ya wapenzi wa filamu mahali pasipo na uamuzi wa Kenya. Mwaka huohuo wa 2018 uamuzi wa aina hiyo ulikuwepo. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nchini, na mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba mnamo Septemba ili ipate kuonyeshwa na kutimiza sharti la Oscar. Hatimaye Kenya ilimwasilisha Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu msichana Jo, mgonjwa asiye na tumaini la kupona, ambaye kijiji kizima kinashirikiana kumfanya awe shujaa wa filamu. Haikuteuliwa. Lakini mhakiki anayetafuta jinsi sinema inavyoweza kuonyesha watu wakifanya jambo kwa pamoja, wakibishana na kugawana kazi, atalikuta humo kwa wingi kuliko ndani ya basi la Benrath. Wanakijiji wa Maweni hawamzunguki Jo kama mandhari ya nyuma. Wanakosea, wanacheka, wanashika kamera wenyewe, na katika Kiswahili chao wanajiita "sisi".