Kiambaza Kimoja: Jinsi Mifumo Endeshi Miwili Ilivyokaa katika Diski ya GB 128

Mpwa wangu, mwanafunzi wa uhasibu aliye katika mwaka wake wa pili, aliniletea nyumbani Tanga kompyuta ya mpakato aliyoinunua mkononi mwa mtu, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD isiyozidi GB 128, akaniomba nimsakinishie Linux pasipo kuiondoa Windows 11 iliyokuwamo. Kwa maana programu ya hesabu wanayofundishwa chuoni haikubali kukaa penginepo ila katika Windows, ilhali somo la kutunga programu, ambalo moyo wake umeanza kulielekea, mwalimu wake hulisomesha kwa Linux. Njia ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya tumbo la mwingine tuliifikiria tukaiacha, kwa kuwa mifumo hiyo ingeigombania RAM ile ndogo kwa wakati mmoja, lakini mifumo iliyowekwa ubavu kwa ubavu huamka mmoja baada ya mwingine, na ulioamka huwa na mashine nzima mikononi mwake.

Kazi hii nimeiona ikiharibika mara nyingi, na kila nilipoitafuta sababu nimekuta kwamba uchache wa nafasi haukuwa na hatia kubwa: aliyeharibu alikata kabla ya kupima, au alipima asijue ni upande upi wa mpaka unaoweza kusogezwa baadaye na ni upi usiosogezeka. Kwa hiyo nitaieleza kazi ya siku ile kwa taratibu, nikikawia mahali penye hesabu, na kupita upesi mahali ambapo mashine yenyewe humwongoza mtu.

Tulianza kwa kuhesabu. Kijana alipofungua ukurasa wa diski aliduwaa akaniuliza, "Mjomba, nimeuziwa mia moja na ishirini na nane, mbona hapa pameandikwa mia moja na kumi na tisa?" Nikamwambia, "Hukupunjwa, mwanangu. Vipimo ndivyo viwili." Mtengenezaji wa diski huita gigabaiti moja baiti 1,000,000,000, na Windows huita kwa jina lilo hilo baiti 1,073,741,824, yaani 1,024 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara mbili, basi bilioni 128 zikigawanywa kwa kipimo cha pili hutoa 119 na kidogo, na hakuna hata baiti moja iliyopotea. Tangu hapo tulikubaliana kutumia kipimo cha Windows peke yake, maana kuchanganya vipimo viwili katika hesabu ya nafasi finyu ni mwanzo wa majuto.

Katika 119 hizo tulikuta wakazi wanne. Wa kwanza ni patisheni ya EFI ya MB 100, iliyopangwa kwa FAT32, ambamo hukaa mafaili madogo ya kuuamsha mfumo. Wa pili ni kipande cha MB 16 ambacho Windows hujiwekea akiba. Wa tatu ni C yenyewe, yenye takriban GB 118. Na wa nne, aliyejikunyata mwishoni, ni patisheni ya uokozi isiyofika GB 1. Zamani wingi wa patisheni ulikuwa shida, kwa kuwa jedwali la MBR, lililokuja na DOS mwaka 1983, liliruhusu patisheni kuu nne tu. Lakini jedwali la GPT la mashine za sasa lina nafasi ya patisheni 128, wala hesabu ya vyumba haitutishi tena. Kinachotutisha ni upana wa sakafu.

Katika C palikuwa pametumika GB 71, na ungeambiwa hivyo ungekata tamaa. Walakini si kila kilichomo ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba. Kompyuta ilikuwa imepandishwa kutoka Windows 10 hadi Windows 11 wiki iliyotangulia, na mfumo wa zamani ulikuwa ungali umehifadhiwa katika folda ya Windows.old, GB 17 nzima. Folda hiyo hukaa siku kumi ili mtu akighairi aweze kurudi nyuma, na anayeifuta mapema hana budi kujua kwamba ameufunga mlango huo. Kijana alisema hana haja ya kurudi, tukaifuta. GB 6 za video za masomo zilihamishiwa diski ya nje, mahali ambapo tayari tulikuwa tumeweka nakala ya kila faili lake lenye thamani. Na nakala hiyo naiona kuwa sharti la kwanza la kazi hii, wala hakuna ustadi uwezao kushika nafasi yake.

Lililobaki lilikuwa faili la hiberfil.sys, ambamo Windows huandika hali yake inapolala, na ukubwa wake kwa kawaida ni asilimia 40 ya RAM, yaani GB 3 na ushei kwa mashine hii. Tuliliondoa kwa amri moja, "powercfg /h off", na faida yake ilikuwa maradufu, kwa sababu amri hiyo huzima pia Fast Startup, tabia iliyoingia pamoja na Windows 8 mwaka 2012, ambayo kwayo Windows inapozimwa huwa haikuzimika kwa hakika bali imelala nusu usingizi, ikiwa imeishikilia diski yake. Linux ikiamka katika hali hiyo huikuta C imefungwa, ikakubali kuisoma tu isikubali kuandika, na ni jema ikatae; kwani mikono miwili ikiandika katika daftari moja, kila mmoja ukidhani uko peke yake, daftari huharibika. Baada ya usafi huo, kilichotumika katika C kilikuwa GB 45.

Hapo ndipo palipotokea jambo linalowavunja moyo wengi. Tulikuwa na GB 73 zilizo wazi, lakini tulipofungua Disk Management tukaitaka Windows ipunguze C, ilijibu kwamba yaweza kutoa GB 19 tu. Haikuwa inasema uongo. Nafasi ilikuwapo, lakini katikati ya diski palikuwa na mafaili ambayo Windows hairuhusiwi kuyahamisha ikiwa macho, nayo ni faili la kumbukumbu ya ziada, pagefile.sys, na alama za kurejeshea mfumo. Na upunguzaji huanzia ukingoni kurudi nyuma, ukakomea kwenye faili la kwanza lisilohamishika. Tulivizima vyote viwili kwa muda, tukaiwasha mashine upya, tukauliza tena. Safari hii jibu lilizidi GB 60. Mafaili hayo hurudishwa kazi ikiisha.

Sasa tulikuwa na uhuru wa kuchagua, na hapa ndipo kitovu cha uchambuzi huu. Microsoft huitaka diski ya GB 64 kwa Windows 11. Watengenezaji wa Linux Mint, mfumo tulioupendelea kwa wepesi wake, huhitaji GB 20 zisizopungua. Mtu mwoga angeipa Linux 25 akaiachia Windows zote zilizosalia, akijiambia kwamba ataiongezea siku ikipungukiwa. Kosa la hesabu hiyo liko katika umbile la diski yenyewe. Nafasi inayokatwa kutoka C huwa mkono wa kuume wa C, imebanwa na patisheni ya uokozi kwa upande wa pili. Siku ukitaka kuirudisha kwa Windows, utaifuta patisheni ya Linux na kuinyoosha C kuelekea kuume, kazi ya dakika chache. Lakini siku ukitaka kuiongezea Linux, itakupasa uipunguze C tena, kisha uusogeze mwanzo wa patisheni ya Linux kuelekea kushoto, na kuusogeza mwanzo maana yake ni kuhamisha kila kilichomo ndani, kipande kwa kipande, kwa saa nyingi, huku ukiomba umeme usikatike. Kupokonya ni rahisi, kuongeza ni shida. Kwa hiyo busara ni kuipa Linux ya kutosha tangu siku ya kwanza. Tuliandika 40960 katika kisanduku cha megabaiti, ndizo GB 40 kamili. Windows ikabaki na 78, yaani zaidi ya kile inachodai, ikiwa na takriban 30 za kupumulia masasisho yake.

Ndani ya hizo 40 hatukuinua kiambaza kingine chochote. Mazoea ya mafundi wa diski kubwa ni kuipa folda ya nyumbani patisheni yake, swapu yake, na faili za pamoja chumba cha tatu. Lakini kila patisheni hudai nafasi ya akiba ya kwake, na katika nyumba ndogo akiba iliyotawanywa vyumba vitatu haimfai mwenye chumba kilichojaa. Tulifanya patisheni moja ya ext4, swapu ikawa faili ndani yake, na nyaraka za pamoja zikabaki upande wa Windows, kwa maana Linux husoma na kuandika katika NTFS, mpangilio wa patisheni ya C, maadamu Windows imezimwa kwa hakika. Aidha ext4 humwekea msimamizi wa mfumo asilimia 5 ya patisheni, ambazo hapa ni GB 2. Kwa amri ya "tune2fs -m 1" tuliishusha akiba hiyo hadi asilimia 1, ikapatikana GB 1.6 pasipo madhara kwa kompyuta ya mtu mmoja.

Kabla ya kuingiza flashi tulikamilisha mambo mawili. Diski ilikuwa imesimbwa kwa BitLocker, nasi tuliuondoa usimbaji kwa ajili ya kazi, lakini kwanza kijana alinakili ufunguo wa uokozi katika daftari, tarakimu 48 kwa mafungu manane ya sita sita, nami nikamsomea tena fungu baada ya fungu; na anayeurejesha usimbaji baadaye aunakili vivyo hivyo ufunguo mpya atakaopewa, wala asishangae akiulizwa, kwa kuwa njia ya kuamka imebadilika. Kisha faili la Linux Mint, karibu GB 3, tulilipima kwa SHA-256 na kulinganisha jibu na lile lililotangazwa na watengenezaji, tukalichoma kwenye flashi.

Msakinishaji anapouliza jinsi ya kutumia diski, chaguo la kujigawia mwenyewe ndilo linalofaa baada ya hesabu yote hii. Jedwali la patisheni lilipotokea, kijana aliuona mstari wa MB 100 na kidole chake kikaelekea kwenye kisanduku cha kuipangua upya. "Hapo usiguse," nilimwambia, naye akakirudisha kidole. Patisheni ile ya EFI ni baraza la wote wawili: ndani yake Windows ina folda yake, na Linux huja kuongeza ya kwake ya megabaiti chache tu, kwani mafaili makubwa ya kiini hukaa katika ext4. Anayeweka alama katika kisanduku kile hufuta mlango wa Windows, na Windows yenyewe hubaki nzima ndani ya nyumba isiyoingilika. Tuliichagua itumike kama ilivyo, tukaiacha Secure Boot ikiwa imewashwa, kwa kuwa kianzishi cha Mint kina saini inayotambuliwa. Walakini mwenye mifumo miwili na aweke flashi yake karibu: mwezi Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilivikataa vianzishi vya Linux vilivyopitwa na wakati, na mashine nyingi zenye mifumo miwili zikagoma kuiamsha Linux.

Usakinishaji wenyewe haukuchukua hata nusu saa, na mashine ilipoamka, GRUB, kianzishi cha Linux, ilitandaza majina mawili ya kuchagua. Hitilafu iliyobaki ilikuwa ya saa. Ilikuwa saa mbili usiku tulipotoka Linux na kuingia Windows, nayo ikasema ni saa kumi na moja jioni. Linux huiweka saa ya ubao katika majira ya UTC na kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki inapoionyesha, ilhali Windows huichukua saa hiyo hiyo kuwa ndiyo ya mahali; basi tofauti ya saa tatu kamili haikuwa ubovu wa betri bali tafsiri mbili za kauli moja. Amri ya "timedatectl set-local-rtc 1" upande wa Linux iliwapatanisha.

Mwezi ulipotimia nilimwomba kijana anisomee hesabu. Linux ilikuwa imefika GB 19 katika 40, pamoja na zana zake zote za masomo. Angepewa 25 angekuwa amekwisha kukaribia ukuta. Windows ilikuwa na GB 27 za wazi, na ilikuwa imepokea masasisho yake bila ya kulalamika.

Jirani yetu mmoja, aliposikia habari hizi, alileta kompyuta yenye hifadhi ya GB 64 akitaka naye afanyiwe vivyo hivyo. Nilikataa, na sababu nilimwonyesha kwa kalamu: Windows 11 huidai hifadhi ya ukubwa huo kwa ajili yake peke yake, na chochote kitakachokatwa hapo kitakatwa katika nafasi ya masasisho, hata pande zote mbili zikose pumzi. Nilimshauri achague mfumo mmoja na kuupa diski nzima. Akaenda kulifikiria, na juma lililofuata akarudi na diski ya nje ya nakala zake na jina la mfumo alioutaka.