Sekunde Iliyofichwa Ndani ya Upau

Wanaopima kadi za grafiki wana fani yao, na imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeiona tena kuwa ni fani. Pau mbili zimelala, mmoja juu ya mwingine. Kushoto jina la kadi, kulia namba: fremu kwa sekunde. Ya juu ndiyo iliyoshinda. Msomaji mwenye hela ya kadi moja tu hasubiri maelezo. Anashuka hadi kwenye pau, anatazama upi mrefu, anafunga ukurasa. Rangi nazo zinamsaidia kuharakisha: kijani Nvidia, nyekundu AMD, kama jezi, na kabla hajasoma namba yoyote ameshajua timu gani inaongoza.

Zipo hila ndogondogo katika fani hii, na hazisumbui kuzikamata. Kadi moja imetoa fremu 90, nyingine 99. Tofauti ni asilimia 10. Ukianzisha mhimili kwenye 80 badala ya sifuri, upau wa pili unakaribia kuwa mara mbili ya wa kwanza, na hakuna namba iliyodanganya. Aliyeonyeshwa mara moja hapatikani tena. Kinachotaka jicho kali ni upau mnyoofu, ulioanzia sifuri, wenye namba zilizopimwa kwa uaminifu. Huo nao ni msimulizi, na kama msimulizi yeyote una mambo umeamua kuyanyamazia.

Unachonyamazia ni wakati. Tuifungue sekunde moja tuone. Fremu 59 zimetoka kwa milisekunde 10 kila moja, jumla 590. Fremu ya 60 imekula milisekunde 410 zote zilizobaki. Upau utaandika 60, namba yenye heshima zake. Kadi ya pili imetoa fremu 60 kwa mwendo mmoja, kila fremu milisekunde 16.7 hivi, nayo itaandikiwa 60. Pau zinalingana hadi nchani. Lakini kwa mchezaji wa kadi ya kwanza, adui alikuwa anaingia mlangoni, picha ikaganda karibu nusu sekunde, na ilipoachia mchezaji alikuwa ameshauawa. Wastani umelichukua tukio hilo ukalisambaza juu ya fremu zote 60 mpaka likapotea.

Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report aliandika makala iliyoacha kuuliza fremu ngapi zimetoka na kuanza kuuliza kila fremu imechukua muda gani. Maudhui yalikuwa yale yale, kadi mbili na mchezo mmoja. Alichobadilisha ni umbo. Upau ukawekwa kando, ukaja mstari: chini fremu zinafuatana moja baada ya nyingine, pembeni milisekunde. Mstari ulionyooka karibu na sakafu ni mchezo laini. Penye mwiba ndipo mkono wako ulipokwama. Upau hutoa hukumu; mstari husimulia kilichotokea, kwa mpangilio uliotokea, na kukuachia uhukumu mwenyewe.

Nguvu ya umbo hilo ilionekana Desemba 2012, aliposhindanisha Radeon HD 7950 ya AMD na GeForce GTX 660 Ti ya Nvidia. Kwenye karatasi Radeon ilikuwa na misuli zaidi: kumbukumbu ya GB 3 kwenye njia ya biti 384, dhidi ya GB 2 na biti 192. Ukitazama wastani, hakukuwa na sababu ya kuiogopa. Ukitazama mstari, ilikuwa imejaa miiba. Walijitokeza waliosema miiba hiyo ni ya kwenye grafu tu, kwamba jicho la mtu haliwezi kuiona. Basi akachukua kamera ya kasi kubwa, akaielekeza kwenye skrini huku mchezo wa Skyrim ukichezwa, akairudisha picha polepole, na mkwamo ukaonekana waziwazi. Mwanzoni mwa 2013 AMD ilianza kutoa draiva zilizopunguza miiba hiyo. Hapa ndipo penye utamu kwa mhakiki: ndani ya kadi hakuna kipande kilichobadilishwa. Kasoro ilikuwa kwenye programu siku zote, ila haikuwa na mahali pa kuonekana hadi ilipopatikana fani ya kuionyesha.

Mwaka huo huo Nvidia ikatoa chombo kiitwacho FCAT, kinachopaka kila fremu ukanda wa rangi yake pembezoni mwa skrini. Kwa rangi hizo ikagundulika kwamba kwenye baadhi ya mifumo ya kadi mbili za AMD zilizounganishwa, fremu nyingine zilikuwa kijistari chembamba tu cha skrini, lakini kwenye upau zilihesabiwa fremu kamili. (Kwamba mwenye chombo alikuwa mshindani wa mpimwaji, msomaji atalipima mwenyewe.)

Siku hizi tumefika kwenye maridhiano: upau mmoja wa wastani, na pembeni yake mwingine mfupi wa asilimia 1 ya fremu mbovu kuliko zote. Ni afadhali, lakini mimi hainiridhishi. Unaambiwa miiba ipo, huambiwi ipo wapi. Mikwamo iliyotawanyika hapa na pale na mikwamo iliyojazana mahali pamoja, kila ukifungua chumba kipya, yaweza kuandikiwa namba ile ile.

Kisha ikaja Januari 2025. Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisimama Las Vegas akatangaza RTX 5070 yenye utendaji wa RTX 4090 kwa dola 549. Isomeni sentensi hiyo. Ina majina mawili na bei; haina mchezo, haina mpangilio, haina kipimo. RTX 4090 iliingia sokoni 2022 kwa dola 1,599, ikiwa na viini 16,384 vya CUDA na kumbukumbu ya GB 24. RTX 5070 ina viini 6,144 na GB 12. Sharti lilikuja baada ya tangazo, nalo lilivishwa nguo ya sifa: kwamba haya yasingewezekana bila akili unde.

Maana yake ni kwamba kwa kila fremu inayochorwa kikweli, DLSS 4, teknolojia ya akili unde ya Nvidia, kwenye kadi mpya inaweza kubuni hadi tatu za kujazia. RTX 4090 hubuni moja. Upau umebaki vile vile, ila kilichomo ndani si kile tulichozoea. Zamani kila fremu ilibeba jibu la mkono wako. Sasa 30 za kweli zaweza kuandikwa 120, jicho likastarehe, huku mkono ukijibiwa kwa mwendo wa 30, tena kwa kuchelewa kidogo, maana fremu ya kweli lazima ishikiliwe ili za kati zipate kutengenezwa. Na hata mstari wa Wasson unaweza kuzidiwa maarifa hapa: fremu za kubuni hupangwa kwa nafasi sawa, mstari ukanyooka. Kipimo kinachobaki na maana ni muda kati ya kubofya na kuona jibu kwenye skrini.

Sisemi ufundi huo ni upuuzi. Mwenye fremu 80 za kweli na skrini ya hezi 240 ataufurahia. Shida ni kuziweka fremu za namna mbili ndani ya upau mmoja na kuzihesabu kwa jina moja.

Kadi ilipofika kwa wapimaji Machi 2025, wengi waliziondoa fremu za kubuni kwenye kurasa kuu wakazipa sehemu yake. Huko kwenye kurasa kuu, RTX 5070 iliangukia jirani na RTX 4070 Super, mbali sana na RTX 4090. Huo ni uamuzi wa kifani, na ndio uliovunja lile tangazo. Laiti wangeenda hatua moja zaidi, wakaweka ule muda wa kubofya na kujibiwa papo hapo kando ya kila upau. Mara nyingi ukiupata, uko kurasa za mwisho, hukumu imeshasomwa.