Wimbo na Kamba

Nyimbo ziko za namna nyingi. Ziko za kubembeleza watoto, za arusi, za ngoma na za msiba. Tena ziko nyimbo za kazi, ambazo watu hawaziimbi ili wasikilizwe, bali ili jambo zito litendeke. Katika fasihi yetu nyimbo za mabaharia na wavuvi huitwa kimai, na wanafunzi wengi walijua jina hilo kwa kuwa huulizwa katika mtihani. Katika insha hii nataka kuitazama santuri moja ya nyimbo za watu wa bahari, na kuuliza swali ambalo mtihani aghalabu hauliulizi: wimbo wa kazi ukiisha kuondolewa kazini, tuupime kwa kipimo gani?

Swali hili sikulipata kitabuni. Mwaka mmoja niliwafundisha wanafunzi wangu hapa Mkomani wimbo wa kutweka tanga kwa ajili ya mashindano ya muziki ya shule. Niliwavika vikoi na kofia, nikawapa kamba mpya, nikawaagiza watabasamu. Tulipokuwa katika mazoezi alipita mzee mmoja aliyekuwa baharia katika ujana wake, akasimama kusikiliza hata mwisho. Nilimpa shikamoo, kisha nikamwuliza ameuonaje wimbo wetu. Alinijibu kwa upole, “Sauti zao ni nzuri, mwalimu wangu. Lakini hawa wavuta nini?” Niliona haya, maana kamba ile haikufungwa kitu chochote.

Baada ya siku ile nilipata kuisikia santuri ya fidjeri, nyimbo za wazamiaji lulu wa Bahrain. Ilirekodiwa katika miaka ya 1970 na Habib Hassan Touma, mtaalamu wa muziki wa Waarabu, ikatolewa katika mfululizo wa muziki wa UNESCO. Bahrain ni mbali, lakini bahari yake si ngeni kwetu. Ukisimama Mkomani ukatazama ng'ambo ya maji, waiona Bandari ya Kale ya Mombasa, ambako kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalifika na kaskazi, yakarejea kwao na kusi. Alan Villiers, baharia mzaliwa wa Australia, alisafiri katika chombo kimoja cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, toka Aden mpaka Zanzibar na Rufiji, na kitabuni mwake alieleza jinsi mabaharia walivyoimba walipokuwa wakifanya kazi.

Jambo la kwanza la kusifiwa katika santuri hii ni uchache wa vyombo vyake. Hamna kinanda wala gitaa. Mna vigoma vidogo, matoazi, makofi na mitungi ya udongo ipigwayo kwa mikono. Sauti ya mwimbaji mkuu, aitwaye nahham, hupanda juu peke yake. Chini yake kundi la wanaume hutoa mvumo mzito wa koo, mrefu na wa chini sana, mfano wa mawimbi yanayovunjika mwambani usiku. Mrekodi mwingine angalishawishika kuupamba muziki huu ili upendeze masikio ya wageni. Touma hakufanya hivyo, naye alifanya vyema.

Jambo la pili ni umbo la nyimbo zenyewe. Mmoja hutangulia na wengi huitikia. Umbo hili twalijua katika kimai. Mabaharia wavutapo henza ili foromali ipande mlingotini, kiongozi hutoa maneno yake wakati mikono inapopumua. Wote wakiitikia, wote huvuta. Kwa hiyo kiitikio cha wimbo wa kazi si pambo. Ni pumzi na misuli ya watu wengi iliyofanywa kuwa moja. Neno harambee, lililotumiwa na wachukuzi na wavutaji wa pwani kabla halijawa mwito wa taifa mwaka 1963, lina maana hiyo hiyo.

Lakini mhakiki hana budi kusema pia mipaka ya kazi anayoisifu. Atakayedhani kwamba santuri hii inamsikilizisha kazi yenyewe amekosea. Nyimbo za kuvuta makasia na matanga ziliimbwa chomboni. Fidjeri iliimbwa nchi kavu, wazamiaji walipokutana katika nyumba yao iitwayo dar. Tena, iliporekodiwa, kazi ya lulu ilikuwa imekwisha kufa. Lulu za kupandwa za Japani na msukosuko wa biashara ulioanza mwaka 1929 viliiangusha, na mwaka 1932 mafuta yalipatikana Bahrain, vijana wakapata kazi nyingine. Tunaowasikia ni watu wanaoikumbuka kazi.

Liko na jambo ambalo uzuri wa sauti waweza kutuficha. Mzamiaji alikopeshwa fedha kabla ya msimu, na lulu zikiwa haba deni lilibaki. Pengine baba alipokufa lilimwangukia mwanawe. Alishuka chini akiwa na kibano puani na jiwe mguuni, na mwenziwe juu ya chombo akaishika kamba. Pumzi ikimpungua aliitikisa, naye akavutwa haraka. Swali la mzee wetu lina jibu hapa: kamba ile ilifungwa mtu.

Nadhani hicho ndicho kipimo tunachokitafuta. Katika dar ya Bahrain watu hawakuvuta kitu, kama wanafunzi wangu walivyokuwa hawavuti kitu. Lakini ule mvumo wa koo haukuachilia uzito wa jiwe, wa deni na wa maji. Uzito ukibaki, wimbo ungali hai hata mbali na chombo. Uzito ukitoka, hubaki vikoi na tabasamu.

Nilirudi kwa mzee yule nikamwomba atufundishe. Alitupeleka ufukoni, akaifunga kamba katika mtumbwi uliolala mchangani. Mara ya kwanza wanafunzi waliitikia ovyo, mtumbwi usisogee. Mara ya tatu waliitikia pamoja, nao ukaenda. Sauti zao zilikuwa zimekwaruza, wala hapana aliyetabasamu, lakini ndipo nilipousikia wimbo ule kwa mara ya kwanza.

Nawe, msomaji, utakapoandika juu ya kimai, usitosheke kutaja kiongozi na waitikiaji. Mtafute aliyewahi kuushika wimbo ule mkononi, umwulize kamba ilifungwa nini. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka, na santuri, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuulizwa swali.