Katikati ya Wilaya

Ukiwa Ruangwa, au jirani zao Nachingwea, jaribu kukitazama kibao cha ofisi ya umma kabla ya kukisoma. Maneno ni yaleyale, hubadilika jina la mwisho tu, na jina hilo ndilo linalomtesa mwandika mabango.

HALMASHAURI YA WILAYA YA RUANGWA ina herufi 28. Ongeza nafasi nne zinazotenganisha maneno, unapata 32. Fundi wa brashi haanzi kushoto. Akianza huko, jina la wilaya litabanwa ukingoni kama abiria wa mwisho wa daladala. Anahesabu, anapata katikati, anatia alama ya chaki, kisha anapanga herufi kuelekea pande zote mbili. Kwa Ruangwa, katikati huangukia baina ya W na I za neno WILAYA. Kwa Nachingwea, yenye jumla ya 35, inasogea hadi kwenye L.

Basi hesabu imekwisha? Haijakwisha. W ni pana, I ni kijiti. Tena WILAYA YA imejaa herufi za mshazari: ukizipanga A na Y kwa rula, umbali sawasawa, jicho linaona mashimo. Mzee niliyezungumza naye, aliyeshika brashi miaka mingi, huzisogeza mpaka zinakaribia kugusana, halafu anarudi nyuma hatua kadhaa na kufumba jicho moja. Nilipomwita msanii alikataa. Yeye mwandikaji tu, alisema.

Juu ya maandishi inakaa nembo ya taifa. Hii huhamishwa kwa miraba: mistari ya penseli juu ya nembo ndogo ya karatasini, miraba mikubwa zaidi ya chaki juu ya bati, kisha kila mraba unachorwa peke yake. Mstari wa kati unapita kwenye mwenge na mkuki wa ngao. Mkuki huo ndio timazi ya kibao kizima. Ukikaa sawa juu ya alama ya chaki, mwanamume na mwanamke wanaoshika pembe za ndovu watalingana wenyewe. Rangi nyepesi hutangulia, nyeusi hufunga kazi. Karafuu na pamba miguuni mwao mara nyingi hugeuka madoa, lakini nembo haiharibiki, kwa kuwa umbo kubwa limeshasema kila kitu. Mchoro unaovumilia mikono mingi namna hiyo ulipangwa na mtu anayejua kazi.

Ni nani? Mwaka 2017 Watanzania walimwona mzee Francis Kanyasu, aliyezoeleka kwa jina la Ngosha, akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam, akisema ndiye aliyeichora. Alifariki Muhimbili Mei mwaka huohuo. Wapo wengine waliotajwa kuhusika, na ubishi huo siuamui hapa. Ninachokiona ni kwamba nembo iko kwenye kila hati ya serikali bila saini ya mchoraji yeyote.

Mafundi wa mabango hawako hivyo. Wengi huandika namba ya simu pembeni, chini kulia. Kwenye kibao cha mzee wangu niliitafuta, sikuiona. Nilidhani ni unyenyekevu. Akanisahihisha: namba ikikaa kulia peke yake, kibao kinaonekana kimeinama.