Faraja na Tiba: Usomaji wa Ua la Faraja kwa Jicho la Mgonjwa wa Mwanza

Riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ilitoka mwaka 2004, mwaka ambao Tanzania ilianza kutoa ARV bila malipo. Faraja yake, basi, inamlenga mgonjwa anayekikabili kifo. Mgonjwa wa leo anayehudhuria kliniki Bugando, jijini Mwanza, anaweza kuishi miaka mingi. Hata hivyo, kinga iliyodhoofu humwacha katika hatari ya sinusaitisi sugu: pua kuziba na uso kuuma kwa zaidi ya majuma 12. Huyu anahitaji kusafishwa pua kwa maji ya chumvi, kuchunguzwa kuvu kabla haijafika jichoni, na kudumu katika ARV. Uhakiki unaoishia kwenye faraja unamzika angali hai.