Raia Asomapo Vita: Kuhusu Kitabu cha John Keegan

The Face of Battle, kilichotolewa mwaka 1976 na kujulikana kwa wasomaji wa Kifaransa kama Anatomie de la bataille, kiliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kupigana. Ulemavu uliotokana na ugonjwa wa utotoni ulimzuia John Keegan kuingia jeshini. Hata hivyo aliwafundisha maafisa wanafunzi wa Sandhurst historia ya vita, na mwanzoni mwa kitabu anakiri kwamba vita amevisoma tu. Ungamo hilo halikipunguzii kitabu uzito. Ndilo linalomfanya aulize maswali ambayo askari huona haya kuyauliza.

Vitabu vingi vya mbinu za vita humpandisha msomaji kilimani, karibu na jenerali, atazame majeshi yakisogezwa kama kete za bao. Keegan anamteremsha. Kuhusu Agincourt (1415), anachunguza mshale ulifanya nini hasa ulipogonga vazi la chuma. Kuhusu Waterloo (1815), kwa nini farasi hukataa kujitupa juu ya watu waliosimama imara na singe zao. Kurasa za Somme ndizo bora kuliko zote. Mizinga ilipiga siku saba, lakini Wajerumani wengi walisalimika ndani ya mahandaki yao, na tarehe 1 Julai 1916 Waingereza walipata hasara ya watu 57,470, miongoni mwao 19,240 wakiwa wamekufa. Mambo hayo yanasimuliwa bila kelele.

Kasoro imo katika mpango wenyewe. Maelezo yamepangwa kwa kukutanisha silaha na silaha: wapiga upinde na askari wa miguu, wapanda farasi na askari wa miguu, mizinga na askari wa miguu. Mzinga na nyumba havikutani. Mpango huo wafaa vita vyenye mahali pake, na istilahi ya Kiswahili, uwanja wa vita, inasadiki vivyo hivyo: uwanja ni mahali peupe, nje ya makazi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya Kisangani, mji usiokuwa wa Rwanda wala wa Uganda. Mamia ya raia waliuawa, na makombora yaliangukia mitaa ya watu. Msomaji wa Kisangani atayatambua maswali ya Keegan (nini kinaonekana, nini kinasikika, mtu akimbilie wapi) ila mwenyewe hatajikuta humo. Raia, neno ambalo asili yake ya Kiarabu lilitaja pia mifugo iliyo chini ya mchungaji, ndiye anayekisoma kitabu, naye hana sura ndani yake.

Mfasiri atakayekitia katika Kiswahili itambidi aamue mapema: abakize uwanja wa vita, ambao kwa Agincourt hauna dosari, au aandike tu mahali walipopigana, maneno ambayo hata mtaa wenye nyumba waweza kuingia.