Pongezi kwa Maabara za Pamoja

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtafiti mmoja hamudu kumiliki kila mashine. Ndiyo maana vituo vya Marekani vya utafiti wa ulemavu wa akili na ukuaji, vilivyotokana na sheria aliyoitia saini Rais John F. Kennedy mwaka 1963, vinastahili pongezi: mashine za kusoma DNA na wataalamu wa kuhariri jeni huwahudumia watafiti wengi kwa pamoja. Kazi hizi mbili hukamilishana, kwani kusoma huonyesha hitilafu inayoshukiwa, na kuhariri hupima kama ndiyo chanzo. Kwa mfano, mwaka 1999 kundi la mtafiti Huda Zoghbi, huko Houston, lilibaini kuwa hitilafu za jeni ya MECP2 husababisha ugonjwa wa Rett, unaovuruga ukuaji wa ubongo. Mwaka 2007 kundi la Adrian Bird, huko Uskoti, likairudisha jeni hiyo kwa panya, na dalili zikapungua.

Wapo wanaolalamikia foleni ya kusubiri mashine hizi za pamoja. Lakini foleni ni afadhali kuliko mashine ya ghali inayolala bila kazi. Wengine huhofia kwamba lengo ni kuwafuta watu wenye ulemavu. Hofu hiyo ina msingi katika historia, ila kinachohaririwa humu ni chembe hai na panya, si watoto. Na familia iliyojua chanzo cha ulemavu imepata jibu, haijapokonywa mtu wake.